Noti yenye sura ya mwanaspoti: ni bandia, ni ghushi au ni tunu?

Majuzi nilikuwa Garissa kwa shughuli ya kutahini wanafunzi. Jioni, kazi ilipokwisha, mwenyeji wangu alinipeleka Suq Mugdi, soko ambalo jina lake kwa Kisomali lina maana ya soko la giza. Mimi sikuona giza lolote. Niliona vitambaa, viatu, simu na tende, na upande wa nje akina mama waliopanga mitungi ya plastiki ya maziwa ya ngamia. Mmoja wao, mama wa makamo, alimsikia mwenyeji wangu akiniita profesa. Akafungua fundo la mtandio wake, akatoa noti iliyokunjwa mara nne, akaninyoshea.

“Mwalimu, wewe umesoma. Hii ni pesa ya wapi?”

Niliikunjua. Upande mmoja palikuwa na sura ya mwanakandanda mashuhuri wa Ulaya, kikombe mkononi. Upande wa pili palikuwa na uwanja uliojaa mashabiki. Katika kila pembe iliandikwa tarakimu 100. Karatasi ilikuwa nzuri, na rangi yake haikuwa mbali na ya noti zetu. Chini kabisa, kwa herufi ambazo hata kwa miwani nilizisaka, paliandikwa kwa Kiingereza kwamba karatasi hiyo si fedha halali bali ni kitu cha kuwekwa na wapenzi wa mchezo.

“Mama,” nikamwambia, “hii si pesa ya nchi yoyote.”

Alinyamaza kidogo. Akaeleza kwamba alikuwa amepewa noti hiyo jana yake wakati wa magharibi, wateja wakiwa wengi na macho yake yakiwa kwenye kipimo. Alitoa maziwa ya hamsini na kurudisha chenji ya hamsini. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba hadi leo:

“Mimi siweki maji kwa maziwa. Mbona yeye aniwekee maji kwa pesa?”

Watu walianza kukusanyika, na kila mmoja akatoa jina lake la ile karatasi. Kijana wa simu alisema ni feki. Mzee aliyekuwa akinunua tende alisema ni noti bandia na kwamba ingefaa ipelekwe polisi. Msichana mmoja mwenye begi la shule alisema si feki wala bandia, ni ya kumbukumbu tu, kaka yake anayo moja nyumbani ameibandika ukutani. Katika muda wa dakika tatu karatasi moja ilikuwa imepata majina matatu, na kila jina lilibeba hukumu yake. Ikiwa ni feki, itupwe. Ikiwa ni bandia, mtu ashikwe. Ikiwa ni ya kumbukumbu, iwekwe ukutani. Hapo ndipo nilipoona kwamba suala hili ni letu sisi watu wa lugha kabla halijawa la polisi.

Tuanze na neno bandia, kwa maana ndilo linaloonewa zaidi. Magazeti yetu, hili likiwamo, huandika noti bandia kila polisi wanaponasa matita ya pesa za uongo. Ila kwa asili, katika matumizi ya Waswahili, bandia ni mwanasesere. Mtoto wa bandia ni yule wa matambara ambaye msichana humbeba mgongoni, humwogesha na kumbembeleza alale. Hadanganyi mtu. Kila aliyepo anajua si mtoto, naye mwenye kumbeba anajua vilevile. Kutoka hapo neno likapanuka: meno ya bandia, nywele za bandia, mguu wa bandia. Hivi navyo ni vitu vinavyosimama mahali pa vingine bila ya nia mbaya. Hakuna mahakama inayomfunga bibi kwa kuwa na meno ya bandia.

Neno la udanganyifu tunalo, tena limekaa tayari miaka mingi: ghushi. Kitenzi hiki tumekipata kutoka Kiarabu, na kabla hakijahamia kwenye vyeti na hatimiliki za mashamba kilikuwa neno la sokoni. Kughushi ni kutia kitu duni ndani ya kitu kizuri ili mnunuzi asijue: mchanga katika nafaka, maji katika maziwa. Kisomali nacho kina neno qish, la asili iyo hiyo, na wanafunzi wa Garissa hulitumia kwa wizi wa mitihani. Yule mama hakutamka neno ghushi, lakini alilifasiri vizuri kuliko kamusi nyingi nilizo nazo rafuni. Alichotendewa ni kutiliwa maji katika pesa.

Basi je, noti yenye sura ya mwanaspoti ni ghushi? Hapana, si kwa kuzaliwa kwake. Inafaa tujue aina zake, kwa sababu ziko mbili na watu huzichanganya.

Aina ya kwanza ni noti halali iliyotolewa na benki yenye mamlaka, kwa ajili ya kumtukuza mwanaspoti au shindano. Mwaka 2005 Royal Bank of Scotland ilitoa noti ya pauni 5 yenye sura ya mchezaji gofu Jack Nicklaus. Novemba 2006, mwaka mmoja baada ya kifo cha mwanakandanda George Best, Ulster Bank ya Ireland Kaskazini ilitoa noti milioni 1 za pauni 5 zenye sura yake, nazo zikaisha katika muda wa siku chache. Urusi, ilipoandaa Kombe la Dunia mwaka 2018, ilitoa noti ya rubo 100 iliyomwonyesha kipa Lev Yashin. Qatar nayo, mwaka 2022, ikatoa noti ya riyali 22. Finland ilikwenda mbali zaidi: katika miaka ya 1980 ilimweka mwanariadha Paavo Nurmi, mshindi wa dhahabu tisa za Olimpiki, kwenye noti ya kawaida ya markka 10 ambayo watu walinunulia mkate. Noti za aina hii ukizipeleka dukani kwao zilikuwa ni pesa, ingawa wengi walizificha kabatini.

Aina ya pili ni karatasi iliyochapishwa kama noti lakini isiyonunua kitu. Iliyo maarufu zaidi ni ile ya Euro 0, iliyoanzishwa mwaka 2015 na Mfaransa Richard Faille. Mwaka 2018 mji wa Trier nchini Ujerumani, alikozaliwa Karl Marx, uliuza noti ya Euro 0 yenye sura yake kwa Euro 3. Wanaspoti na viwanja vya michezo navyo havikuachwa nyuma. Mtu hucheka akisikia kwamba sifuri inauzwa kwa tatu, lakini tazama hekima ya ile sifuri. Asiyejua Kifaransa wala Kijerumani, asiyejua kusoma neno hata moja, akiiona anajua kwamba hapo hakuna pesa. Sifuri inaonya na kupamba kwa wakati mmoja.

Noti aliyopewa mama wa Garissa ilikuwa ya aina ya pili iliyovaa nguo za aina ya kwanza. Badala ya sifuri iliweka 100. Badala ya onyo ikaweka nukta za Kiingereza. Na hapa ndipo ninapotaka kuikosoa kama ninavyokosoa maandishi mengine yoyote, kwa maana noti nayo ni maandishi. Ina mwandishi, ina msomaji, na ina ujumbe. Maandishi yaliyokwenda kuuzwa kwa watu wengi hayana budi kujua ni nani atakayeyasoma. Aliyeandika noti ile alimkumbuka mnunuzi mwenye miwani na Kiingereza. Hakumkumbuka mtu wa pili, yule ambaye karatasi itamfikia mikononi jioni, penye msongamano, akiwa na kipimo cha maziwa.

Msomaji ataniuliza: Kenya yetu inaingiaje hapa? Inaingia kwa mlango wa Katiba. Kifungu cha 231(4) cha Katiba ya 2010 kinaruhusu noti na sarafu zetu ziwe na picha za mambo yanayoiwakilisha Kenya, lakini kinakataza sura ya mtu yeyote. Tulikuwa tumechoka na sura za marais mifukoni. Hata sarafu ya shilingi 40 ya mwaka 2003, iliyotolewa kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, ilikuwa na sura ya Mwai Kibaki. Ndiyo maana sarafu za mwaka 2018 zina twiga, kifaru, simba na ndovu, na noti zilizozinduliwa Narok tarehe 1 Juni 2019 zina jumba la KICC.

Wakumbuke pia waliokwenda mahakamani kwa sababu mbele ya jumba hilo inaonekana sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta. Walidai kwamba hiyo ni sura ya mtu iliyoingizwa kwa mlango wa nyuma. Mahakama Kuu haikukubaliana nao. Kesi iliendeshwa kwa Kiingereza, lakini ingeendeshwa kwa Kiswahili ingekuwa ngumu zaidi, kwa sababu katika Kiswahili cha zamani cha pwani neno sanamu lilibeba vyote viwili, kilichochongwa na kilichochorwa. Mzee wa Lamu angeweza kuiita picha ya ukutani sanamu. Wakili hodari angepata pa kushika.

Matokeo ya kifungu hicho ni kwamba Kenya, nchi inayojulikana duniani kwa miguu ya wanariadha wake kuliko kwa kitu kingine, haiwezi kuwaweka kwenye fedha zake. Kipchoge Keino aliyeshinda mita 1500 Mexico mwaka 1968 hawezi. Tegla Loroupe, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda mbio za New York mwaka 1994, hawezi. David Rudisha na dakika yake 1 na sekunde 40.91 za London 2012 hawezi. Eliud Kipchoge aliyekimbia Vienna kwa saa 1:59:40 mwaka 2019 hawezi. Mimi sikilaumu kifungu hicho. Ninakipenda. Lakini kinatuachia jambo moja: mwanaspoti wa Kenya akitaka kukaa kwenye noti, atakaa kwenye ile isiyonunua kitu. Kwa hiyo noti ya aina ya pili, ambayo kwa wenzetu ni mchezo wa watalii, kwetu ndiyo nafasi pekee iliyobaki. Haifai kuiacha mikononi mwa matapeli wa magharibi, wala kuiacha bila jina.

Jina gani, basi? Msichana wa shule alisema kumbukumbu, na wengi tungesema hivyo. Lakini kumbukumbu ni kile kinachobaki kichwani au kwenye maandishi: kumbukumbu za mkutano, kumbukumbu za utotoni. Kitu kilichotengenezwa ili kitukumbushe ni ukumbusho. Tena Garissa ni mahali ambapo maneno haya yana uzito wake. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Ukitamka neno kumbukumbu mbele ya wanafunzi wa mji ule, usishangae wakiinamisha vichwa. Sipendi kulitumia neno hilo hilo kwa karatasi ya mchezaji mpira iliyobandikwa ukutani kwa gundi.

Pendekezo langu ni hili. Noti halali iliyotolewa na benki kumtukuza mtu au tukio, kama ile ya George Best, tuiite noti ya ukumbusho. Karatasi isiyonunua kitu, inayowekwa kwa mapenzi tu, tuiite noti ya tunu. Tunu ni kitu adimu unachopewa au unachokihifadhi kwa sababu unakipenda, si kwa sababu ya bei yake. Iliyotengenezwa ili kudanganya ni noti ghushi. Na bandia tuwarudishie watoto na wenye kung'oka meno. Najua kijana wa simu ataendelea kusema feki, na sina ugomvi naye, mtaa una lugha yake. Lakini gazeti, hati ya mashtaka na lebo ya bidhaa havina ruhusa ya kusema kama mtaa.

Kuna atakayepinga kwamba noti ya tunu ikitumiwa kumdanganya mama, tofauti hizi zote zimefutika. La hasha, hapo ndipo zinapohitajika. Ile karatasi ilikuwa tunu mikononi mwa aliyeinunua kwanza. Ikawa ghushi mikononi mwa aliyelipia maziwa. Kosa liko katika tendo na nia, na lugha inayoita vyote bandia haiwezi kumtenganisha yule mtoto mwenye noti ukutani na yule mtu mzima aliyenyosha mkono gizani. Siku moja itamshika asiye na hatia na kumwacha mwenye kosa.

Jina peke yake halitoshi. Yaliyoandikwa kwenye karatasi nayo lazima yatazamwe. Hapa tujikosoe wenyewe kwanza. Toa noti yoyote halali mfukoni mwako uisome. Utakuta imeandikwa Banki Kuu ya Kenya. Tahajia hiyo imekuwa nasi tangu noti za kwanza za mwaka 1966. Tanzania noti zao zinasema Benki, kamusi zinasema Benki, na mwanafunzi wa Kenya akiandika banki katika insha mwalimu humpigia mstari mwekundu. Maandishi ya Kiswahili yanayosambazwa kuliko yote nchini yana neno ambalo mtoto angenyimwa alama kwalo. Linasemwa kuwa jambo dogo. Lakini linaonyesha kwamba Kiswahili cha kwenye noti tumekifanya pambo la kutazamwa, tukasahau kukisoma. Ikiwa hata noti halali haisomwi, nani ataisoma ya tunu?

Kwa hiyo yeyote atakayechapa noti ya tunu ya mwanaspoti na kuiuza hapa kwetu, na afanye mambo matatu. Kwanza, aandike sifuri, au asiandike tarakimu yoyote. Pili, aandike SI FEDHA kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa kama jina la mchezaji, mbele na nyuma. Ikiuzwa Garissa, Wajir au Mandera aongeze kwa Kisomali lacag ma aha. Maneno mawili matatu yasingeharibu sura ya mchezaji, na yangemwokolea mama shilingi zake 100.

Tatu, aandike jina la mtukuzwa kama mwenyewe anavyoliandika. Hili nililijifunza darasani siku iliyofuata, nilipowauliza wanafunzi wangemweka nani kwenye noti ya tunu. Walimtaja Kipchoge, wakamtaja Victor Wanyama. Kisha msichana wa safu ya nyuma akauliza, “Prof, mbona tunataja wa kwingine tu?” Akamtaja Abdi Bile, Msomali aliyeshinda mita 1500 katika mashindano ya dunia ya Roma mwaka 1987. Kisomali, tangu kilipopata maandishi yake rasmi mwaka 1972, huandika jina hilo Cabdi, ambapo herufi c ni ile ain ya Kiarabu. Mkenya asiyejua atasoma Kabdi. Je, tuandike kwa ajili ya msomaji au kwa ajili ya mwenye jina? Darasa liligawanyika. Mwingine akamtaja Mo Farah, bingwa wa mita 5000 na 10000 wa London 2012 na Rio 2016. Mwaka 2022 Farah alifichua kwamba jina alilozaliwa nalo ni Hussein Abdi Kahin, na kwamba aliingizwa Uingereza akiwa mtoto kwa jina la mtoto mwingine. Ukimchapia noti, utaandika lipi? Sikuwapa jibu, kwa sababu mwenye jibu ni mmoja tu, na hakuwa darasani. Lakini nilifurahi kwamba swali liliulizwa. Anayetukuzwa kwa jina asiloulizwa ametukuzwa nusu.

Nilirudi Suq Mugdi kabla ya kuondoka. Nilimpa yule mama noti yangu ya mia moja ili anipe ile karatasi niende nayo Nairobi niwaonyeshe wanafunzi wangu. Akaikataa mia yangu.

“Si wewe ulinidanganya,” alisema. “Na hiyo nyingine haiko. Mjukuu wangu ameichukua. Anasema huyo ndiye mchezaji wake.”

Nikamuuliza kama mjukuu anajua si pesa.

“Nimemwambia. Amechukua kalamu akaandika juu yake.”

Sikuwahi kuona alichoandika. Natumaini aliandika kwa herufi kubwa.